Chumba cha Nchi Kavu

Mvua ilipoanza, tone la kwanza lilimwangukia Mama Sindano sikioni. Halikumwangukia mumewe. Halijawahi hata siku moja kumwangukia mumewe. Kidirisha cha juu ya kitanda kilikuwa kinavuja kwa upendeleo, upande wa mke tu, na mtu wa kukitengeneza alikuwa amelala kavu kabisa, mikono kifuani, anakoroma kwa raha zake.

Akainuka, akagonga kichwa. Hilo nalo ni la kila siku. Ndani ya boti la tanga mtu hakurupuki akaketi kitandani; anajiviringisha ubavu, anatoa mguu mmoja, anasubiri boti litulie, ndipo anatoa wa pili. Miaka minne Mama Sindano amejiviringisha hivyo na bado kichwa chake hakijajifunza. Alichukua sufuria akaitega juu ya mto wake, akaketi kwenye ngazi akisikiliza maji yakidondoka humo, na moyoni akasema: leo namwambia. Iwe isiwe, leo namwambia.

Cha kumwambia kilikuwa kimoja tu. Nyuma ya gati, barabara ya pili, kulikuwa na mjane mwenye nyumba ya kupangisha, naye alikuwa amemwekea chumba. Chumba cha mbele, chenye dirisha pana la barabarani, bomba la maji uani, na kuta ambazo ukiziegemea zinabaki pale pale zilipojengwa. Lakini kuwekewa kulikuwa na mwisho wake. Kinyozi mmoja alikuwa anakitaka chumba hicho hicho, na mwenye nyumba alishasema waziwazi: "Mdogo wangu, nimekuvumilia vya kutosha. Jumamosi jua likizama hujaja, ufunguo nampa kinyozi, tusije tukalaumiana." Jumamosi yenyewe ndiyo ilikuwa inapambazuka na mvua yake, na mume hajui hili wala lile.

Usimdhanie Mama Sindano kuwa mwoga. Huyu ni fundi aliyewahi kumrudisha bibi harusi nyumbani akaoge kwanza ndipo aje kupimwa gauni. Ila mumewe alikuwa mtu mgumu kugombana naye, maana hagombani. Watu wa gatini walimwita Nahodha, na walimwita hivyo kwa kumtania, kwa kuwa boti lake halijawahi kutoka pale alipolifunga. Alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha sabuni. Alipostaafu, watoto wameshaoa na kuolewa, alirudi nyumbani siku moja na picha mfukoni: boti kuukuu, rangi imebanduka, mlingoti umepinda kidogo. "Mama," alisema, "tukae humu mwaka mmoja tu. Nilitengeneze, halafu tutembee." Mkewe alikubali kwa sababu katika ndoa yao yote hakuwahi kumsikia mwanamume huyo akiomba kitu. Basi mwaka huo mmoja ukazaa mingine mitatu, na matembezi yakabaki ya mdomoni.

Akaanza na kahawa, na kahawa ya botini si jambo la kusema nakunywa mara moja naondoka. Kopo liko chini ya benchi. Juu ya benchi kuna godoro. Juu ya godoro kuna vitambaa vya wateja, na juu ya vitambaa vya wateja, asubuhi ile, kulikuwa na miguu ya Nahodha, aliyekwisha amka na kuja kukaa hapo avae viatu.

"Inua miguu, baba."

Akainua mmoja.

"Yote miwili! Unadhani kopo linapita katikati?"

Sukari nayo ilikaa nyuma ya ngazi, na ngazi ikitolewa hakuna anayetoka wala kuingia hadi mwenye shida na sukari atosheke. Kiberiti kilikuwa kimelowa. Mtungi wa gesi ulikuwa nje kwenye sanduku lake, na kwa sheria ya Nahodha ni lazima ufungwe kila baada ya kupika, maana gesi ikivuja hushuka kwenye tumbo la boti ikatulia humo inakungoja. Kwa hiyo mtu apande juu mvuani akafungue, ashuke apike, apande tena akafunge. Fanya hivyo kwa vikombe viwili vya kahawa, halafu uulizwe mbona umenuna.

Vikombe vilipokuwa tayari, Mama Sindano alipiga moyo konde. "Baba watoto, kuna jambo nataka tuongee."

"Ongea tu, mama."

"Ni kuhusu hapa tunapokaa."

Nahodha akainua kidole. Hakuwa anamkataza, alikuwa anatega sikio. "Unasikia?"

"Nasikia nini?"

"Pampu. Na mvua yote hii, haijawaka."

Kikombe kikawekwa kando. Ubao wa sakafu ukainuliwa, na Nahodha akazama kichwa na mabega kwenye tumbo la boti, ilipo pampu ya kutolea maji, huku nyuma kumebaki suruali yake ya khaki yenye kiraka alichokishona mkewe mwenyewe. "Endelea, mama, nakusikia!" sauti ikatoka chini ya sakafu. Mama Sindano alikitazama kile kiraka. Mtu na akili zake hamwambii mumewe kwamba anahama huku anaongea na makalio yake. Akachukua tochi akammulikia.

Baada ya kuhema na kukohoa kwingi, Nahodha aliibuka na uchafu umemfika viwikoni, ameshika uzi wa bluu, mrefu, uliojisokota kwenye mashine ya pampu ukaikaba. Bluu ile ile ya sare za shule alizozishona Mama Sindano wiki nzima.

"Ni uzi," alisema.

Hakusema zaidi ya hapo. Hakusema "uzi wako". Aliukunja tu, akautia kwenye kopo la takataka, akaenda kunawa. Mkewe alitamani amkaripie, angalau naye apate pa kutolea dukuduku. Lakini utamjibu nini mtu aliyesema ni uzi, na kweli ni uzi?

Mvua ilipokatika, nesi wa zahanati alikuja kujaribu gauni lake. Wateja wa Mama Sindano hawashuki botini. Wa kwanza aliyejaribu alikwama kwenye mlango wa ngazi na ikabidi asukumwe kutoka chini, akaapa mbele ya watu wote kwamba harudi tena. Tangu hapo vipimo vinachukuliwa juu ya gati, hadharani, upepo ukiamua wenyewe kiuno kiwe wapi. Mama Sindano alikuwa na pini mdomoni, chaki sikioni, goti moja kwenye mbao zilizolowa, anahangaika na pindo lisilotaka kutulia.

"Halafu, Mama Sindano," nesi alisema kwa sauti yake ya kuitia wagonjwa, "kile chumba chako vipi? Nimepita sasa hivi nimemkuta kinyozi anapima ukuta. Anasema kioo chake kitakaa hapa, kiti kitakaa pale."

"Shh! Taratibu, mwanangu."

"Taratibu nini? Si ulisema unahamia?"

Nahodha alikuwa hatua chache tu kutoka pale, kwenye sitaha, ametandaza tanga lililolowa anakausha. Hakugeuka. Aliendelea kuvuta pembe moja, akaifunga, akaenda kwenye nyingine. Mama Sindano alimchungulia kwa pembeni asijue amesikia au hakusikia, na katika kuchungulia huko akalegeza mkono, upepo ukaupora utepe wa kupimia, ukautupa majini.

Hapo alitukana. Si tusi kubwa, lakini nesi alicheka hadi pini zikamchoma ubavuni. Utepe ule ulikuwa wa tatu mwaka huo. Nahodha alichukua kijiti chake chenye ndoana, akalala kifudifudi ukingoni, akauvuta. Akausuuza kwa maji yasiyo na chumvi, maana chumvi hufuta namba, akaufuta kwa fulana yake, akamletea mkewe. Mama Sindano akasema asante. Alilisema neno hilo kwa uchungu, kwa sababu mwanamume mwenye adabu namna hii hampi mtu sababu ya kumwacha, na sababu alikuwa nazo tele.

Alizihesabu mchana mzima akiwa kwenye cherehani. Nguo zote zinanuka dizeli. Choo kina valvu mbili na mpini wa kusukuma, na mgeni akija lazima apewe somo kabla ya haja. Shati haliwezi kupigwa pasi ila taa za boti zima zizimwe, la sivyo umeme unakatika hadi kwa majirani. Dagaa wakikaangwa leo, wanalaliwa nao juma zima. Ukiweka kitu chini kinahama. Ukikitafuta, mwenzako amekikalia. Na kila kinachopaswa kufunguka kimekamatwa na chumvi: bomba la jikoni linafunguliwa kwa koleo, kabati kwa teke.

Nahodha alipita akaenda kuchota maji, akarudi, akaenda tena. Kila mara Mama Sindano alifungua mdomo, na kila mara boti lilikuwa na la kusema kwanza. Mara kamba inasaga ukingo. Mara ndoo inabingirika. Mara boti la mtu limepita mbio na mawimbi yakamwaga pini zote. Jua lilikuwa limeshavuka mlingoti, linateremka.

Kulikuwa na raha moja ambayo Mama Sindano hakuwahi kuikana, hata siku alizokuwa amefura. Mvua ikinyesha, Nahodha hutega turubai juu ya sitaha, maji yakajikusanya kwenye pipa, maji laini yasiyo na chumvi wala harufu ya bomba. Jua likishayapasha moto kidogo, humwita mkewe aje kuoshwa nywele. Yeye huketi kwenye kigoda ameinamisha kichwa, na Nahodha humwagia kwa kikopo, polepole, kiganja kimoja kwenye paji la uso maji yasimwingie machoni. Hajawahi kufundishwa na mtu. Vidole vyake vya kukunjia nyaya vinajua wapi kichwa kinauma.

"Mama, maji tayari," aliita.

Mama Sindano alikaribia kukataa. Alijua akiketi pale atalegea, na akilegea kinyozi atatundika kioo chake. Lakini nywele zilikuwa zinawasha, na maji yale kuyaacha ni dhambi. Akaketi. Sabuni ikapakwa, povu likajaa, boti likawa linayumba kidogo tu. Akajisikia anaanza kulegea. Ndipo akafumba macho akapasua jipu.

"Baba, nimepata chumba. Nataka kuhama. Leo, kabla jua halijazama."

Maji yakakoma.

Alisubiri, kichwa kimeinama, macho yamefumbwa. Povu likaanza kuteremka kwenye nyusi. Likaingia jicho la kushoto.

"Baba?"

Likaingia na la kulia.

"Jamani, mwaga maji! Naungua macho!"

Maji yakamwagika. Akamwagiwa hadi povu lote likaisha, kwa utulivu ule ule, kiganja pale pale kwenye paji la uso. Alipofungua macho, mekundu ya sabuni, alimkuta mumewe anatikisa kikopo kikauke.

"Sawa," Nahodha alisema.

"Sawa nini?"

"Sawa, mama. Tutaihamisha cherehani kwanza. Ndiyo nzito."

Sikia hilo! Wiki mbili mtu hali akashiba, anajipangia maneno, anajibu maswali ambayo hajaulizwa, halafu anaambiwa sawa. Mama Sindano alijifunga taulo kichwani kwa nguvu hadi nyusi zikapanda. Alitaka kuulizwa kwa nini. Alitaka aambiwe nilikukosea nini. Hata kuambiwa hutoki ingekuwa afadhali, maana jibu la hilo alikuwa nalo, refu na lenye vituo.

Akashuka chini akakusanya vifaa vyote vya vita: spana, nyundo, koleo, chupa ya mafuta ya taa. Humo botini kitu kizito hakiachwi kikasimama chenyewe, na cherehani yake ilikuwa imefungwa kwenye meza kwa bolti nne zilizopita hadi upande wa chini. Alijua zimekwisha kamatana na nati zake, na hasira zake zikafurahi kidogo. Walau hapa patakuwa na kazi. Walau mtu atatokwa jasho, atalaani, atasema neno.

Nahodha aliingia chini ya meza. Hakuomba spana. Aliigusa nati ya kwanza kwa vidole viwili, akaizungusha, ikatoka. Ya pili vile vile. Bolti zikashuka moja baada ya nyingine kwenye kiganja chake, zinang'aa, hazina hata alama ya kutu.

Mama Sindano alichukua moja akaisugua kwa kidole gumba. Ilikuwa na grisi mbichi.

"Hizi mbona laini?"

"Nazipaka grisi."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipozifunga. Kila mwezi." Alikuwa bado chini ya meza, anaongea na miguu ya mkewe. "Nilijua iko siku utachoka, mama. Nikasema siku hiyo ikifika, zisikukwamishe."

Hapo ndipo mori ulipompanda kwelikweli. "Yaani wewe! Dirisha la juu ya mto wangu linavuja mwaka wa nne huu. Nimesema, nimelia, nimelala na sufuria kichwani. Hujapata muda. Lakini grisi ya kunifungulia njia, muda huo unao kila mwezi?"

Nahodha akatoka chini ya meza, akafuta mikono kwenye suruali.

"La dirisha ungenikumbusha," alisema. "Hili usingenikumbusha."

Mama Sindano aliketi juu ya vitambaa vya wateja, spana mkononi. Alikuwa na hamu ya kumrushia. Kumbe alikuwa anaagwa kila mwezi bila kuambiwa, yeye akiwa juu ya cherehani anashona, mwenzake chini ya meza anaaga.

"Na kuniomba nibaki?" aliuliza, na sauti ikamponyoka ikawa ndogo. "Hilo hukulifikiria?"

"Nilishakuomba mara moja. Nilikuomba mwaka mmoja, ukanipa minne." Aliinama kuinua kichwa cha cherehani. "Ningeombaje tena?"

Wakaenda. Nahodha mbele na cherehani begani, mke nyuma na mfuko wa vitambaa, nywele bado zinamtiririka mgongoni. Watu wa gatini waliona wakanyamaza, jambo ambalo si kawaida yao. Njiani Mama Sindano aliutazama ule mgongo na kila hatua alikuwa anataka kuupiga ngumi.

Mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni, ufunguo kidoleni, na jua limegusa mapaa. "Umeniponza, mdogo wangu, nilishaanza kumwita kinyozi! Shemeji, karibu, karibu, tua mzigo. Haya, niambieni, chumba kinakuwa cha watu wangapi? Nijue."

Mama Sindano alikuwa na jibu, lakini aliapa halitoki kinywani mwake. "Mwulize shemeji yako," alisema. "Mimi nimechoka kumsemea."

Nahodha alitua cherehani sakafuni, polepole, asiikwaruze.

"Mmoja," alisema. "Na mgeni wa jioni, kama anaruhusiwa."

"Mgeni gani tena huyo?"

"Mimi."

Mwenye nyumba akacheka, akapiga makofi, akasema mambo hayo ya mapenzi ya utu uzima yeye hayawezi, akaenda zake kumtafuta kinyozi amwombe radhi. Mama Sindano hakucheka. Alikuwa anataka Nahodha aseme wawili. Angesema wawili, yeye angemjibu hapana, kaa na dizeli yako huko huko. Lakini alitaka aseme. Na hata lile jibu la mumewe, la mmoja, lilitoka bila kukwama, kana kwamba alilipaka grisi siku nyingi.

Nahodha alikuwa ameshapiga magoti. Aliisogeza cherehani chini ya dirisha, akatoa bolti zile nne mfukoni, akazipanga kiganjani, akaanza kukagua sakafu kwa macho.

"Hapa haifungwi, baba," Mama Sindano alimwambia. "Hapa hapatikisiki."

Akaitazama sakafu. Akaisukuma cherehani kwa kidole, na kweli haikwenda popote. Alibaki amepiga magoti pale, bolti mkononi, hana pa kuziweka wala kazi nyingine ya kufanya, na ndipo mkewe alipomwona uso vizuri kwa mara ya kwanza tangu povu lilipomwingia machoni. Mzee wa watu alikuwa ametahayari. Akazirudisha bolti mfukoni, akasimama, akajipangusa magoti.

"Basi kesho nije saa ngapi?" aliuliza.

Alikuwa anauliza kweli. Alisimama karibu na mlango, mikono nyuma, anangoja apangiwe saa ya kumwona mke wake. Mama Sindano, mwenye dirisha pana na ufunguo wake mkononi, alijikuta amekasirika kuliko alivyowahi kukasirika botini.

"Njoo saa yoyote," alisema. "Lakini ole wako nikusikie unapiga hodi."